Chupa 600 za Chai na Siku Saba za Kusubiri Long Beach

Kuna maneno nimeyasikia mpaka nimechoka: eti huu ushuru wa nyongeza wa Marekani kwa bidhaa za China analipa Mchina. Anayelipa ni aliyeagiza mzigo. Mimi nimelipa, na karatasi ya forodha ina jina langu.

Nauza chai ya viungo hapa Brooklyn Park, Minnesota. Wateja wangu wengi ni watu wa zamu ya usiku: wasaidizi wa wauguzi, madereva wa malori, wafanyakazi wa maghala. Walikuwa wakiniomba chupa ya kuweka chai ikae moto mpaka alfajiri. Februari 2025 nikaagiza chupa 600 za stili za nusu lita kutoka kiwanda kimoja cha Yongkang, mkoa wa Zhejiang, ambako chupa za aina hii hutengenezwa kwa wingi mno. Dola nne na nusu kila moja. Nikatanguliza asilimia thelathini.

Kilichonichelewesha ni nembo. Sampuli ya kwanza ilikuja imeandikwa "Karidu Chai" badala ya "Karibu Chai". Nikaandika tena, nikachora herufi kwa mkono, nikapiga picha, nikatuma. Sampuli ya pili herufi zilikuwa sawa, lakini nilipoikwaruza kwa ukucha rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu. Nikaikataa pia. Mama yangu alifundisha kushona Mombasa miaka mingi, na hakuwahi kumkabidhi mteja kazi mbovu; nami sikuweza kumuuzia dereva chupa ambayo jina langu litafutika kabla ya Pasaka. Wakakubali kurudia kwa rangi ya kuokwa. Hapo zikaenda zaidi ya wiki tatu.

Na katika wiki hizo ndipo ushuru ulipopanda. Nilipoagiza, nyongeza kwa bidhaa za China ilikuwa asilimia 10. Machi 4 ikawa 20. Aprili ukaja ule mwingine ulioitwa wa kulipizana, ukapanda siku hadi siku mpaka 125 juu ya ile 20. Jumla 145. Mzigo uliopakiwa melini kabla ya Aprili 9 ulisamehewa kupanda huko. Wangu ulitoka bandari ya Ningbo, China, Aprili 18.

Kila mtu akawa mshauri. Shemeji yangu alisema niwaambie wagawe mzigo kuwa vifurushi vidogo vya chini ya dola 800, vipite bure. Msamaha huo kwa bidhaa za China ulifutwa Mei 2, 2025, na mzigo wangu ulikuwa tayari baharini. Mwingine akasema upitishwe Dubai upate karatasi mpya. Chupa iliyotengenezwa China ni ya China hata ikipitia bandari kumi. Asili ya bidhaa ni pale ilipotengenezwa, na kudanganya kuna faini kubwa. Wa tatu akataka kiwanda kiandike ankara ya dola moja moja. Huyo nilimkasirikia waziwazi. Ukikamatwa, anayeshtakiwa ni wewe uliyeagiza, kiwanda kiko mbali.

Niliketi na kalamu. Mwanzo nilikosea, kwa sababu nilihesabu kwa mtindo wa nyumbani. Mombasa ushuru unapigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli, halafu VAT inapigwa juu ya thamani ikiwa na ushuru ndani yake. Nikapandisha asilimia moja juu ya nyingine hivyo hivyo, nikapata hesabu ya kumliza mtu. Wakala wangu wa forodha, mama mtu mzima mwenye subira, akanirekebisha kwa simu. Marekani nauli ya baharini haiingii kwenye thamani, na kila ushuru unapigwa peke yake juu ya bei ileile ya ankara, kisha unajumlisha. Chupa yenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, kati ya kuta zake, isiyozidi lita moja, ushuru wake wa kawaida ni asilimia 7.2. Nyongeza zinaandikwa mistari ya peke yake, namba zake zinaanza na 99. Ukiona 99 kwenye Fomu 7501, karatasi ya forodha inayoorodhesha ushuru wa mzigo wako, hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Bidhaa nyingine za China zina nyongeza ya zamani pia, tangu 2018. Inategemea namba ya bidhaa, kwa hiyo uliza namba kabla ya kuuliza bei.

Aliniuliza pia kama chupa zangu kweli zina ombwe. Kikombe cha stili chenye kuta mbili na hewa tu katikati kinaingia namba nyingine, ya asilimia 2. Nilimwaga maji yanayochemka kwenye sampuli, nikaishika nje kwa nusu saa: baridi. Ni ombwe. Tukaandika ukweli.

Kwa dola 2,700, ushuru ulikuwa elfu nne na ushee. Zaidi ya bei ya chupa zenyewe. Usiku ule sikulala.

Meli ilifika bandari ya Long Beach, California, Mei 7. Kwa kawaida wakala hupeleka hati hata kabla meli haijafunga kamba. Lakini siku moja nyuma ilikuwa imetangazwa kwamba Marekani na China wangekutana Geneva mwishoni mwa wiki kuzungumzia biashara, na huenda ushuru ungeshuka. Yule mama akaniambia, "Binti yangu, una siku kumi na tano tangu mzigo kufika kabla ya kulazimika kuingiza hati. Kiwango cha ushuru kinachohesabiwa ni cha siku ya kuingiza hati. Unaweza kungoja?" Nikasema nangoja. Ghala lilinitoza kwa siku, na kila asubuhi nilikuwa naandika deni kwenye kalenda ya jikoni.

Mei 12 wakatangaza: 125 inashuka kuwa 10, kuanzia Mei 14 saa sita na dakika moja usiku. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu. Hati zikaingia asubuhi ya tarehe 14. Ushuru ukawa elfu moja na ushee, ghala na wakala mia kadhaa, na ada ya chini ya forodha dola 32.71. Viwango vimebadilika tena tangu hapo, basi usinakili hesabu yangu. Nakili swali la yule mama kuhusu siku.

Katoni zilifika mwisho wa Mei. Sikungoja kuziingiza ndani. Nilipasua ya kwanza palepale gerejini, nikatoa chupa, nikaikwaruza nembo kwa ukucha kwa nguvu zangu zote. Haikutoka.