Siku moja maishani mwangu: kuongoza wageni katika jumba la ukoo wa Liechtenstein, Vienna

Saa 11:30 alfajiri

Simu haijalia na mimi niko macho. Leo nina wageni wanane wa familia moja kutoka Dar es Salaam, bibi mpaka mjukuu, na ziara nzima ni kwa Kiswahili. Ziara kama hizi kwa mwaka nazihesabu kwa vidole. Siku nyingine ni Kijerumani asubuhi, Kijerumani jioni.

Chai ya tangawizi iko jikoni, daftari liko mezani. Kuna neno moja la Kijerumani linalonisumbua: Fürst, cheo cha mtawala wa nchi ndogo ya Liechtenstein. Liechtenstein haina mfalme. Mtawala wake ana cheo kilicho chini ya mfalme, lakini nchi ni yake kuitawala na hakuna mfalme juu yake. Nimeamua nitamwita mwanamfalme kisha nieleze vizuri, wageni wasije wakadhani kuna baba yake mahali fulani amekalia kiti kikubwa zaidi.

Saa 2 asubuhi

Nashuka tramu ya D kituo cha Bauernfeldplatz, natembea mpaka kwenye bustani ya Gartenpalais, ndilo jumba lenyewe. Umande bado uko kwenye majani. Napenda kufika mapema nilitazame jumba likiwa kimya.

Kila kundi huanza na swali lilelile: nchi iko milimani, kati ya Uswisi na Austria, mbona jumba liko Vienna? Jibu ni kwamba ukoo ulitangulia, nchi ikafuata. Akina Liechtenstein walikuwa matajiri wa Austria na Moravia (leo ni sehemu ya Ucheki), wenye ardhi isiyo na hesabu, ila walikosa kitu kimoja: ardhi iliyo moja kwa moja chini ya Kaisari, ambayo ingewapa kiti katika baraza la Dola Takatifu la Roma. Kwa hiyo Johann Adam Andreas wa Kwanza, huyuhuyu aliyejenga jumba hili, akainunua. Mwaka 1699 alinunua Schellenberg, na mwaka 1712 akanunua Vaduz, zote kutoka kwa mabwana waliozama kwenye madeni. Mwaka 1719 Kaisari Karl wa Sita akaziunganisha na kuzipa jina la ukoo.

Halafu wakakaa zaidi ya miaka mia bila kwenda kuitazama. Mtawala wa kwanza kuikanyaga akiwa madarakani ni Alois wa Pili, mwaka 1842. Wa kwanza kuhamia huko moja kwa moja ni Franz Josef wa Pili, mwaka 1938. Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 160 na watu wapatao 40,000.

Saa 4 asubuhi

Wageni wamefika. Namwendea Bibi kwanza. Amevaa koti zito juu ya dira, na ushungi wake umekaa sawasawa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Baridi hii mnaishije?"

Tunaingia ukumbi wa chini, na hapo wote wananyamaza. Mbele yetu limesimama gari la farasi la dhahabu. Lilitengenezwa Paris kwa ajili ya Joseph Wenzel wa Liechtenstein, alipokuwa balozi wa Kaisari kwa mfalme wa Ufaransa, na mwaka 1738 aliingia nalo Paris kwa msafara rasmi. Nawaomba wasogee kidogo na waangalie mbao. Kila kipande kimechongwa, maua, makombe ya pwani, mawimbi, kisha kikapakwa dhahabu. Fundi hakuacha mahali pa kupumzisha jicho. Kijana mmoja wa familia, ambaye kwao Keko wanatengeneza samani, anachuchumaa kutazama kiungo cha gurudumu na hataki kuondoka.

Ni hapa mbele ya gari ninapomtaja Angelo Soliman. Alizaliwa Afrika yapata mwaka 1721, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafikia Sicilia na baadaye Vienna. Miaka ya 1750 aliingia katika utumishi wa huyu Joseph Wenzel na akapanda mpaka kuwa mkuu wa watumishi. Mwaka 1764 walikuwa pamoja Frankfurt, Joseph wa Pili, Kaisari wa baadaye, alipovikwa taji. Soliman alizungumza lugha kadhaa, alicheza sataranji, na wasomi wa mji walimheshimu. Mwaka 1768 alioa kwa siri, bwana wake akamfukuza kazi. Joseph Wenzel alipofariki, mpwa wake na mrithi, Franz Josef wa Kwanza, alimrudisha nyumbani amlee mwanawe, Alois wa Kwanza. Yaani mtawala wa baadaye alilelewa na Mwafrika.

"Alikuwa na watoto?" Bibi anauliza.

"Binti mmoja. Habari zake nitakupa mchana, Bibi, tukiwa mahali penyewe."

Saa 5 asubuhi

Ghorofani, Ukumbi wa Hercules. Dari nzima ni kazi ya Andrea Pozzo, iliyochorwa kati ya 1704 na 1708, na nguzo zake za rangi zinapanda mbinguni kama za kweli. Watoto wanalala sakafuni watazame. Siwakatazi.

Kisha picha kubwa za mchoraji Rubens kuhusu Decius Mus, jemadari wa Kirumi aliyejitoa afe ili jeshi lake lishinde. Ziko nane, na Johann Adam Andreas alizinunua mwaka 1693. Hapo naeleza jinsi mali hii ilivyodumu. Kwa karne nyingi haikuwa ya mtu mmoja. Iliwekwa mfano wa wakfu wa ukoo: mkuu wa ukoo anaitunza, anaiongeza, anamkabidhi anayefuata. Ilitikiswa vibaya baada ya vita ya pili ya dunia. Picha zilikuwa zimeshahamishiwa Vaduz, lakini Czechoslovakia ilitaifisha mashamba na makasri ya ukoo, ardhi kubwa mara kumi kuliko nchi yao yenyewe. Fedha zikakauka, wakaanza kuuza. Mwaka 1967 picha ya Ginevra de' Benci ya Leonardo da Vinci ilikwenda Washington kwa dola zinazokaribia milioni 5. Naona uchungu kila ninapolisema. Hans-Adam wa Pili, mtawala tangu 1989, ndiye aliyeirudisha familia sokoni kama mnunuzi. Mwaka 2004 walilipa zaidi ya pauni milioni 19 kwa kabati moja la Florence, Kabati la Badminton, na hakuna samani iliyowahi kuuzwa mnadani kwa bei hiyo kabla yake.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, sentimita 37 kwa 27. Ni Clara Serena, binti wa Rubens, wa miaka kama mitano. Nywele zimekwepa kichana. Mashavu mekundu kama ametoka kukimbia sasa hivi. Ncha ya pua ina doa dogo la mwanga, mguso mmoja wa brashi, na hilo doa ndilo linalomfanya apumue. Nguo Rubens aliipitia harakaharaka. Hakuwa na haja nayo. Alikuwa anamtazama mwanawe. Clara Serena alifariki mwaka 1623, akiwa na miaka 12.

Bibi anasimama pale muda mrefu.

"Na hawa wenye jumba, kwao binti anarithi?"

Hapana, Bibi. Sheria ya ukoo, ile ya 1993, inampa kiti mwana wa kwanza wa kiume. Alois, mtoto wa kwanza wa Hans-Adam, ndiye anayeendesha shughuli za utawala tangu Agosti 15, 2004, ingawa baba bado ni mkuu wa nchi. Baada ya Alois anafuata Joseph Wenzel, aliyezaliwa 1995, jina lilelile la mwenye gari la dhahabu. Dada yake Marie Caroline ni wa pili kuzaliwa, lakini kwenye mstari wa urithi hayumo; wanaofuata ni wadogo zake wa kiume. Wananchi wamepewa haki ya kuufuta utawala huu kwa kura, tangu katiba ya 2003. Mwaka 2012 waliulizwa kama wapunguze nguvu ya mtawala ya kukataa matokeo ya kura zao, na asilimia 76 wakasema hapana. Lakini nani arithi, hilo ni la ukoo peke yake. Mimi naliona ni kosa, na nawaambia wageni hivyo.

Wasichana wanafurahi kusikia kwamba mwaka 2000 Maximilian, mdogo wake Alois, alimwoa Angela Brown, mzaliwa wa Panama mwenye asili ya Kiafrika. Wanatafuta picha zake papo hapo.

Saa 8 mchana

Tumekula, tumepita Bankgasse kuliona jumba lao la mjini kwa nje, na sasa tuko kwenye uwanja wa Josefsplatz.

Hapa namaliza habari ya Soliman. Alifariki Novemba 1796. Mwili wake haukuzikwa wote. Kwa amri ya Kaisari ngozi yake ilichunwa, ikavishwa juu ya umbo la mti, ikasimamishwa kwenye maonyesho ya viumbe katika jengo lililo hapa uwanjani, amevikwa manyoya na shanga ambazo maishani hakuzivaa. Binti yake, Josephine, aliomba apewe baba yake amzike. Kanisa lilimuunga mkono. Akanyimwa. Mabaki yaliungua katika moto wa 1848.

Hakuna anayesema kitu. Bibi ananyanyua mikono, anamwombea rehema, na sisi sote tunaitikia amina katikati ya uwanja, watu wakipita.

"Niandikie jina la huyo binti," ananiambia. Naandika kwenye karatasi ya daftari: Josephine. Anaikunja, anaifunga kwenye pindo la kanga.

Saa 12 jioni

Nyumbani. Miguu inawaka moto. Wali wa jana, maharage, ripoti fupi kwa wakala aliyeniletea wageni.

Saa 3 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka hotelini, ni Bibi. Anauliza kama Josephine naye alijaliwa mtoto.

Namjibu kwamba alijaliwa mwana, Eduard von Feuchtersleben, ambaye alikuja kuwa mwandishi.

Zinapita dakika mbili hivi.

"Alhamdulillah. Basi hakukatika. Lala salama mwanangu."