Nyaraka za kuhamia nchi nyingine: ipi itangulie?

Wengi wanaohama huanza kukimbizana na viza, halafu siku wanapodaiwa cheti cha ndoa chenye apostili (uthibitisho rasmi unaofanya cheti kitambulike nchi nyingine) ndipo wanagundua walipaswa kuanza miezi mitatu nyuma. Nyaraka hizi hutegemeana, na nyingi ya zile danadana za maofisini hutokana na kuanza na ile isiyo zamu yake.

Ya kwanza ni pasipoti. Ikiwa imebakiza chini ya mwaka mmoja, ibadilishe kabla hujajaza fomu yoyote. Pasipoti mpya huja na namba mpya, na kila ombi lenye namba ya zamani litahitaji kurekebishwa. Isitoshe, nchi nyingi hazitoi kibali cha ukaazi kinachovuka tarehe ya mwisho ya pasipoti yako.

Kisha majina. Weka pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na vya shule juu ya meza moja, usome herufi kwa herufi. Mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha ya pasipoti ina nafasi 44 kila mmoja, na jina hupewa 39 tu. Apostrofi hudondoshwa, kwa hiyo jina lenye ng' husomeka NG, na jina refu hukatwa. Tofauti ya aina hiyo inaeleweka. Inayokwamisha ni jina la baba lililopo kwenye cheti kimoja na kukosekana kwenye kingine. Hati ya kiapo husaidia mahali pengine, lakini zipo ofisi zisizoitambua kabisa, na ndiyo maana napendekeza cheti chenyewe kirekebishwe ukiwa bado nyumbani.

Sasa apostili, ambayo hueleweka vibaya kuliko yote. Ilianzishwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na kazi yake ni kuthibitisha sahihi, cheo cha aliyetia sahihi, na muhuri. Yaliyoandikwa ndani haiyagusi, kwa hiyo cheti chenye kosa kikipata apostili kinabaki na kosa lake. Inafanya kazi pale tu ambapo nchi zote mbili zimo kwenye mkataba na unatumika kati yao. Orodha hubadilika: kwa China ulianza kutumika tarehe 7 Novemba 2023, kwa Kanada tarehe 11 Januari 2024, kwa hiyo ushauri wa miaka mitano iliyopita unaweza kukupoteza. Kama nchi mojawapo haimo, kwa kawaida utapita njia ndefu: mamlaka iliyotoa cheti, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Tena, hati iliyotolewa na ubalozi haipewi apostili. Mkataba wenyewe umezitenga.

Apostili hutangulia, tafsiri hufuata. Ukitafsiri kwanza, karatasi ya apostili itabaki bila tafsiri na utarudishwa. Uliza pia nani anaruhusiwa kutafsiri, maana nchi kadhaa hukubali tu mtafsiri aliyeapishwa kwao, na pesa uliyolipa nyumbani inakuwa imepotea. Usikitie cheti laminesheni, kwa kuwa ofisi nyingi hukataa kugonga muhuri juu ya plastiki. Usichomoe pini iliyoshikanisha apostili na cheti ili upate kuskani vizuri, kwani zikishaachana huwa hazikubaliki tena.

Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kiache karibu na mwisho. Mara nyingi hupokewa kwa miezi 3 au 6 tu tangu kilipotolewa, na ukikiwahi kitaisha muda kikiwa ndani ya bahasha.

Ukishafika, kuna mduara mmoja unaochosha: benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka akaunti, mwajiri anataka namba ya kodi. Mduara huo huvunjwa na anwani. Kabla hujalipa amana ya pango, muulize mwenye nyumba kama atakuruhusu ujiandikishe serikalini kwa anwani hiyo. Ujerumani, kwa mfano, hutaka ujiandikishe ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, na huwezi bila karatasi iliyotiwa sahihi na anayekupa nyumba; mkataba wa pango peke yake hautoshi. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mkaazi halali ana haki ya kufungua akaunti ya msingi, na inafaa kuitaja haki hiyo benki ikianza kukuzungusha.

Laini yako ya zamani usiifunge. Benki ya nyumbani itaendelea kutuma namba za uthibitisho huko, kwa hiyo washa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje, na uiongezee salio mara kwa mara isije ikafungwa.

Leseni ya kimataifa ya udereva ni tafsiri ya leseni yako, kwa hiyo haitumiki bila leseni yenyewe, na huombwa nchi ile iliyokupa leseni. Ile ya mkataba wa kimataifa wa barabarani wa 1949 hudumu mwaka 1, ya 1968 hadi miaka 3. Ukishakuwa mkaazi, muda wa kuendesha kwa leseni ya kigeni mara nyingi huwa mfupi kuliko huo.

Nyaraka halisi zisafiri kwenye begi la mkononi. Skani kila moja kama faili lake, pande zote mbili, pamoja na ukurasa wa apostili.