Nilivyokinyoosha Kiingereza changu cha kuandika

Niko kitengo cha bukingi kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha. Kutwa nzima kazi yangu ni kuandika: majibu ya wageni, ratiba za safari, maelekezo kwa hoteli za Karatu, orodha za vyakula kwa wapishi wa kambini. Zamani nilikuwa mapokezi, na mapokezi unaongea kuliko unavyoandika. Ukiongea, mgeni anakuona uso, anaona mkono unaonyesha wapi, asipoelewa anauliza papo hapo. Kwenye barua pepe hana hayo yote. Ana sentensi yako tu, na kwa sentensi hiyo anaamua kama nyie ni watu wa kukabidhiwa pesa zake na watoto wake. Ndiyo maana nilipohamishiwa bukingi niliamua kukifanyia kazi Kiingereza cha kuandika kwa makusudi, si kungoja kije chenyewe.

Nilianzia wanapoanzia wengi, kwenye orodha za maneno yanayochanganya: "their" na "there", "your" na "you're", "to" na "too". Nikafanya mazoezi ya kujaza nafasi, nikawa napata karibu yote. Barua zangu hazikubadilika. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba orodha zile zimetungwa kwa ajili ya waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Wao neno wamelijua kwa sikio miaka mingi kabla ya kuliona limeandikwa, kwa hiyo maneno yenye sauti moja yanawachanganya wakishika kalamu. Sisi tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuingia kwenye Kiingereza hasa kidato cha kwanza, maneno mengi tumeyajua kwa jicho, ubaoni. "Their" na "there" kwetu ni watu wawili tofauti toka siku ya kwanza. Yanayotutega sisi ni mengine kabisa, na mengi yanatokana na Kiswahili tunachofikiria nacho.

Jirani yetu huku Ngaramtoni ni mwalimu mstaafu, alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu. Siku moja baada ya shikamoo nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mwanangu, achana na kujaza nafasi. Niletee barua zako mwenyewe." Nikaanza kumpelekea Jumamosi barua nilizokwisha kutuma, nimefuta majina ya wageni na bei (siri za wateja ni siri za wateja, hata kwa jirani). Hakuwa ananisahihishia. Alikuwa anapiga mstari chini ya sentensi kisha ananiuliza, "Hii kwa Kiswahili ungeisemaje?" Nikiisema kwa Kiswahili, mara nyingi tatizo lilijitokeza lenyewe.

Kubwa kuliko yote, na ambalo sijawahi kulikuta kwenye orodha yoyote, ni jibu la swali la kukanusha. Mwalimu aliniuliza, "Hujanywa chai?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu, sijanywa." Akasema, "Sasa hapo Mwingereza angechanganyikiwa." Kwetu "ndiyo" inakubaliana na maneno ya muulizaji: umesema sijanywa, ni kweli sijanywa. Kiingereza hakiangalii muulizaji kasemaje. Kinaangalia kitenzi cha jibu. Kama kitenzi kimekanushwa, jibu ni "no": "No, I haven't." Sasa ipeleke ofisini. Unamwandikia mgeni, "You don't eat nuts?" Anakujibu kwa neno moja, "No." Yeye amemaanisha hali karanga. Mpishi wetu akisomewa "No" anaelewa kwamba si kweli, karanga anakula. Kwa mtu mwenye mzio wa karanga, hapo panaweza kumpeleka hospitali. Toka siku ile siandiki swali la kukanusha kwenye fomu ya chakula. Nauliza "Do you eat nuts?", na kwenye karatasi ya mpishi naandika sentensi nzima, yenye mtu na kitenzi, bila kutegemea "yes" au "no" peke yake.

La pili lilikuwa kiambishi chetu cha -me-. Tunasema "wageni wamefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa "The guests have arrived yesterday". Ile "have arrived" haikai pamoja na wakati uliokwisha kutajwa: "yesterday", "on Monday", "last week". Ukishautaja, unarudi kwenye "arrived". Zoezi alilonipa Mwalimu lilikuwa rahisi, na nadhani ndilo lililonisaidia haraka kuliko yote. Nachukua sentensi moja ya kazini, naiandika mara mbili, na siku na bila siku. "We have received your payment." "We received your payment on Monday." Halafu nyingine, na nyingine, mpaka mkono unazoea. Sentensi ni zilezile ninazotuma kila siku, kwa hiyo Jumatatu zinanikuta tayari.

Kwenye alama za uakifishaji Kiswahili kilinivuta kwa namna mbili. Kwanza, sisi tunapanga matukio kwa mkato tu na yanakaa: tukafika, tukala, tukalala. Ile -ka- inabeba kazi yote ya kuunganisha. Kiingereza hakina -ka-, na mkato wao hauna nguvu ya kushika sentensi mbili kamili. "We will meet you at the airport, we will drive to Arusha" inahesabika kosa. Inataka nukta, au nukta mkato, au kiunganishi kama "and". Pili, nilikuwa naweka mkato pale ninapovuta pumzi. Mwalimu alinionya kwamba pumzi haitoshi, maana mtenda akiwa mrefu pumzi inakatika kabla ya kitenzi, unaishia kuandika "The driver who will meet you at the airport, is called..." na mkato umemtenga mtu na tendo lake. Kabla ya kuweka mkato, alisema, tafuta kitenzi, uliza nani kafanya, kisha hakikisha hujaweka kitu kati yao.

Lakini kuna mkato ambao ni pesa kabisa. Soma hizi mbili: "The tents that have private bathrooms are near the river." "The tents, which have private bathrooms, are near the river." Ya kwanza inasema kuna mahema yenye bafu na yasiyo na bafu, na yale yenye bafu ndiyo yaliyo karibu na mto. Ya pili inasema mahema yote yana bafu. Kwa Kiswahili ungelazimika kuongeza "yote" ili maana hiyo itoke. Kiingereza kinaisema kwa mikato miwili tu. Mgeni aliyesoma ya pili akapangiwa hema lisilo na bafu ana haki ya kudai, na barua yako ndiyo ushahidi wake. Nilizipitia ratiba zetu zote nikikagua mikato ya aina hii peke yake. Ilikuwa kazi ya jioni nyingi, na naamini ilistahili.

Ritifaa ilinipa raha. Sisi tunaijua kutoka kwenye ng'ombe na ng'oa, ambako inaonyesha sauti. Kwa Kiingereza ina kazi mbili: kuonyesha herufi iliyodondoka, kama "it's" kwa "it is" au "it has", na kuonyesha mwenye kitu, kama "the driver's phone". Wakiwa madereva wengi, inahamia nyuma ya s: "the drivers' phones". "Its" ya umiliki haina ritifaa kwa sababu iko kundi moja na "his", "hers", "ours" na "yours", na hakuna hata moja kati ya hizo yenye ritifaa. Nilipoziandika zote mstari mmoja kwenye daftari, jambo likaisha.

Kitu ambacho sikukitarajia ni jinsi Kiswahili kinavyosaidia kwenye maneno yanayowasumbua Waingereza wenyewe. "Lie" na "lay" zinawatesa hata waliosoma sana. Kwetu ni lala na laza, mtoto wa darasa la pili anazitofautisha. "Rise" na "raise" ni inuka na inua. "Remember" na "remind" ni kumbuka na kumbusha. "Affect" na "effect" ndizo zilizonifurahisha zaidi: kuathiri na athari, kitenzi na nomino. Mvua zinapokata barabara naandika "The rain may affect the road", huku nikisema moyoni "itaathiri", na sihitaji kuwaza tena. "Advise" na "advice" ni kushauri na ushauri, yenye s ni kitenzi na yenye c ni nomino. Mtindo wa Uingereza, tunaoufuata hapa, unafanya vivyo hivyo kwa "practise" na "practice". Marekani wanaandika yenye c kwa zote mbili, kwa hiyo ukiiona kwenye barua ya mgeni wa huko usidhani kakosea. Tahadhari moja: "lay" ndiyo pia wakati uliopita wa "lie". "The lion lay under the tree" ni simba alilala, hakumlaza mtu.

Pale Kiswahili kinapokunyima msaada ni kwenye "a" na "the". Hatuna kitu kama hicho, na nilipojaribu kuzikariri kanuni zake zote nilichoka bure. Nikaanza na majina ya mahali tu, kwa kuwa ndiyo yanayojaa kwenye ratiba zetu. Mlima mmoja hauchukui "the": Mount Meru, Mount Kilimanjaro. Safu ya milima inachukua: the Usambara Mountains, the Pare Mountains. Ziwa halichukui: Lake Manyara, Lake Eyasi. Mto na bahari vinachukua: the Mara River, the Indian Ocean. Hifadhi ikitajwa kwa jina kamili haichukui, Serengeti National Park, lakini ukiifupisha unasema the Serengeti. Hayo peke yake yalisafisha sehemu kubwa ya ratiba.

Mengine niyataje tu. "Luggage", "equipment", "information" na "advice" hazichukui s ya wingi hata mizigo ikijaa gari. "Accommodation" ina c mbili na m mbili. Tarehe usiandike kwa tarakimu tupu, maana 04/07 kwetu ni tarehe 4 Julai na kwa Mmarekani ni tarehe 7 Aprili. Andika jina la mwezi. Na saa hesabu upya kila mara: saa moja asubuhi yetu ni 7 a.m. yao.

Kuhusu utaratibu, nina daftari moja la kurasa ngumu. Kila ukurasa una tatizo moja, na chini yake sentensi zangu za kazini, si za vitabuni. Sikagui barua kwa mambo yote kwa mpigo. Naisoma mara ya kwanza natafuta vitenzi, mara ya pili mikato, mara ya tatu majina na tarehe. Barua ya maana naisoma kwa sauti ya chini, na sentensi ya mwisho naianza kwanza ili nisibebwe na maana. Kisahihishaji cha kompyuta nakitumia baada ya kumaliza kukagua mwenyewe, si kabla. Tahajia kinaijua, ila wakati mwingine "form" iliyokusudiwa kuwa "from" kinaipita hivihivi, na "loose" badala ya "lose", na "quiet" badala ya "quite", kwa kuwa yote ni maneno halali. Kikinipigia mstari chini ya neno, sibonyezi kukubali mpaka nijue sababu. Nikiijua, inaingia daftarini.

Mwalimu ananipa pia imla. Anasoma aya, mimi naandika, alama hazitaji. Natakiwa nizisikie kwenye sentensi. Watu wengi waliacha imla darasa la nne wakidhani ni ya watoto. Mimi naiona ndiyo dawa ya alama za uakifishaji, kwa sababu inakulazimisha uamue papo hapo sentensi imeishia wapi.

Sasa hivi niko kwenye "in", "on" na "at". Kiswahili kinatosheka na -ni: getini, safarini, bondeni. Kiingereza kinataka "at the gate", "on safari", "in the valley". Hili nalifanya na dereva mmoja wa ofisini ambaye naye anataka ripoti zake za safari zinyooke. Tunaulizana wakati wa chai. Mimi nataja mahali kwa Kiswahili, yeye anajibu, kisha tunabadilishana. Juzi alinibana: mbona ni "on the bus" lakini "in the car"? Nikampelekea Mwalimu swali. Jibu lake ni kwamba chombo cha abiria ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, ndege na meli, kwa kawaida kinachukua "on". Gari dogo na teksi ni "in". Dereva akauliza, na Land Cruiser yetu je, mgeni anaposimama na kichwa kimetokeza kwenye paa lililofunguliwa? Mwalimu akasema hata hapo ni "in", maana bado ni gari, na kusimama si kutembea. Dereva ameshaiandika kwenye ripoti ya wiki hii: "The guests stood up in the car to see the elephants."