Gari ulilonunua juzi linachemsha: pa kuanzia kabla ya kufungua hedi

Gari linalojaribiwa Kisumu mjini huonekana zima. Kutoka Kondele hadi Mamboleo, au hata ukifika Ahero, injini haipati kazi ya kuifanya itoe siri zake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishapita Awasi barabara inapanda kuelekea Kericho, na ukifika Mau Summit umevuka mita 2,400. Ndiyo maana wengi hulipa, hubadilisha logbuku, halafu safari ya kwanza ya Nakuru mshale wa joto unapanda njiani na muuzaji hashiki simu tena.

Fundi wa kwanza atakayeangalia huenda akasema, "Ni hedi gasketi." Hedi ni kichwa cha injini, na gasketi ni kiziba kati yake na bloku, yaani mwili wa injini. Usikubali upesi hivyo. Gasketi ikiungua, mara nyingi imeunguzwa na kitu kingine: kifuniko cha rejeta kilicholegea, feni iliyokufa, rejeta iliyoziba. Ukibadilisha gasketi na kuacha kile kilichoiunguza, utairudia kazi hiyo hiyo na gharama hiyo hiyo. Kwa hivyo anza na vitu vya bei ndogo, na usilipie hedi mpaka vipimo viseme ni hedi.

Kwanza, ukiwa barabarani. Mshale ukianza kupanda, zima AC, washa hita ya gari kwa joto la mwisho na feni yake ya mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini. Tafuta pa kuegesha pasipo hatari, weka pembetatu nyuma ya gari. Mvuke ukitoka au taa nyekundu ikiwaka, zima injini pale pale. Usifungue kifuniko. Maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuchoma uso na mikono. Subiri dakika 45 au zaidi, mpaka paipu ya juu ya rejeta ishikike kwa mkono bila kuchoma na iwe laini ukiibinya. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua hedi ya alumini, kwa hivyo hata baada ya kusubiri yaongeze polepole, injini ikiwa imewashwa.

Magari mengi madogo kama Vitz hayana mshale kabisa, yana taa ya samawati ya baridi na nyekundu ya hatari. Nyekundu ikiwaka umechelewa. Nunua kisomaji kidogo cha ELM327 kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuunganishwa na simu. Kitakuonyesha joto la injini kwa digrii. Katika hali ya kawaida injini nyingi za Toyota hutembea kati ya digrii 80 na 98. Ikipita 105, simama.

Sasa uchunguzi. Swali moja linapunguza kazi nusu: gari linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni au likiwa limesimama na kupoa ukikimbia, shuku feni. Likitulia mjini na kuchemsha mlimani au kwa mwendo wa kasi, shuku mzunguko wa maji: kiasi chake, kifuniko, thamostati (kivalvu kinachoyafungulia maji njia ya rejeta injini ikipata joto), rejeta, pampu. Likichemsha kila mahali na kumaliza maji bila kuvuja chini, hapo ndipo hedi inaingia kwenye mazungumzo.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta yenyewe. Usitosheke na tangi la akiba, kwani linaweza kuwa limejaa na rejeta imepungua. Maji yafike shingoni. Tazama rangi: kulanti safi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, kwa kawaida ni nyekundu, waridi au kijani iliyo angavu. Rangi ya kutu maana yake mwenye gari alikuwa anaongeza maji ya mfereji. Maji ya visima vingi yana chumvichumvi zinazoganda ndani ya mirija. Ukikuta chembechembe za shaba au tope la kahawia linalong'ang'ania kidole, kuna mtu aliyemwaga dawa ya kuziba uvujaji ili auze. Dawa hiyo huziba hita na mirija ya rejeta kabla ya kuziba tundu lililokusudiwa.

Kifuniko ndicho kitu kinachodharauliwa zaidi, na huku kwetu kwenye miinuko ndicho nakiheshimu zaidi. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu, bali kuyashikilia chini ya shinikizo ili yasichemke mapema. Kwenye mita 2,500 maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 92 hivi. Thamostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye digrii 82 na hufunguka yote karibu na 95. Maana yake, kifuniko kikiwa kimekufa, maji yanachemka kabla thamostati haijafunguka vizuri, na gari linamwaga maji kwenye tangi la akiba ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kifuniko kizima kilichoandikwa 1.1 (kipimo cha shinikizo) kinasukuma kiwango hicho hadi karibu digrii 118 pale pale mlimani. Angalia namba iliyochapwa juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1, na ulinganishe na kitabu cha gari. Raba ya chini ikiwa imekauka au ina kovu, badilisha. Kivalvu kidogo cha katikati kivutike kwa kucha na kurudi chenyewe. Kisipovutika, maji yaliyosukumwa kwenye tangi hayarudi injini ikipoa, na utaona paipu ya juu imebonyea asubuhi.

Feni ipimwe hivi: washa injini, washa AC. Kwa magari mengi ya Japani feni inapaswa kuanza kuzunguka mara moja. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana rilei yake (swichi ndogo ya umeme) na ya honi kama ni za aina moja. Ikizunguka sasa, umepata ugonjwa kwa bei ya rilei. Isipozunguka, chukua waya mbili kutoka kwa betri hadi kwenye mota yenyewe. Mota ikinyamaza, imekufa. Kuna jambo jingine la kukagua kwenye gari ulilonunua: feni inayoanza kuzunguka mara tu ufunguo ukiwashwa, injini ikiwa bado baridi. Hiyo imeunganishwa moja kwa moja na fundi aliyeshindwa kupata sensa au rilei, na inakwambia gari hili limewahi kuchemsha. Feni iliyobadilishwa pia inaweza kuzunguka kinyume, kwa waya zilizogeuzwa. Weka karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kuvutwa na kushikwa, isisukumwe.

Thamostati. Huu ni ugomvi wangu wa kila siku na mafundi wa jua kali: wanaitoa na kuitupa, wanasema hapa kwetu ni joto haihitajiki. Inahitajika. Bila thamostati injini haifikii joto lake, kompyuta ya gari inaendelea kumwaga petroli nyingi kama asubuhi, oili inabaki nzito, na kwenye Toyota nyingi njia ya pembeni ya maji inabaki wazi, hivyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linatumia mafuta zaidi na bado linachemsha mlimani. Utajua imetolewa ikiwa paipu zote mbili za rejeta zinapata joto pamoja tangu mwanzo, na kisomaji kinaonyesha digrii 60 au 70 ukiteremka. Ya zamani unaweza kuipima nyumbani: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha polepole. Ikae imefungwa hadi karibu na namba iliyochapwa juu yake, na kwenye digrii 95 iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi. Ukiirudisha, kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu, ili hewa ipate njia, na raba iwe mpya.

Rejeta ina pande mbili za kuziba. Nje, matope na wadudu hukaa katikati ya rejeta na kondensa ya AC, mahali usipoona mpaka uvilegeze. Osha kwa mpira wa maji wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine za nguvu za kuoshea magari hukunja mapezi na kufanya hali iwe mbaya zaidi. Ndani, injini ikiwa moto na imezimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kugusa feni, au tumia bunduki ya kupima joto: sehemu iliyo baridi katikati ya moto imeziba. Zile za zamani za shaba zilifunguliwa na kupitishwa vyuma. Za sasa za alumini na plastiki hazistahimili kazi hiyo, nunua mpya.

Pampu ya maji hukaguliwa haraka: kitundu chini ya shafti yake kikiwa na ukoko mweupe au wa waridi, au puli ikicheza mkononi, iondoke.

Ukijaza, changanya kulanti nzito na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu. Injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox na Fielder nyingi na baadhi ya Vitz, huchukua karibu lita 5 kwa jumla. Usichanganye kijani na waridi. Inua mbele ya gari kwenye mteremko, hita iwe kwenye moto, kifuniko kiwe wazi, binyabinya paipu ya juu, na ushikilie injini kwenye mizunguko 2,000 mpaka feni iwake. Hewa iliyobaki ndani huleta dalili zile zile za gasketi, na watu wamefungua hedi kwa sababu hiyo tu. Kagua kiasi tena asubuhi inayofuata.

Ukishafanya hayo yote na maji bado yanapotea, pima hedi. Dalili zake ni mapovu yasiyoisha kwenye shingo ya rejeta injini ikinguruma, paipu ya juu ngumu dakika mbili baada ya kuwasha ikiwa baridi, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma. Thibitisha kwa dawa ya buluu inayogeuka njano ikikuta gesi ya ekzosti kwenye rejeta, na kwa geji ya kompresheni: tofauti kati ya silinda isizidi baa 1.

Ikithibitika, hedi iende kwa karakana yenye mashine, ipimwe nyufa kwa shinikizo na unyoofu kwa rula ya chuma. Mkunjo unaoruhusiwa kwenye 1NZ-FE ni milimita 0.05 tu. Uso wa bloku upimwe vilevile, wengi huuruka. Gasketi ya chuma haipakwi silikoni. Matundu ya boliti yakaushwe, kwa sababu maji au oili iliyobaki chini inaweza kupasua bloku boliti ikikazwa. Boliti zipakwe oili kidogo, zikazwe kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje kwa spana ya torki: 29 Nm, kisha digrii 90, kisha 90 nyingine. Fundi anayekaza hedi kwa kubahatisha mkono, mwondolee gari. Weka oili mpya na filta, lita 3.7, kisha umwage tena baada ya kilomita 500, kwa kuwa maji yaliyojificha kwenye mifereji ya oili hayatoki yote mara ya kwanza.