Jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo Marekani: kiti kinavyopatikana na kinavyopotea

Ukitaka kuelewa kazi ya jaji wa ngazi hii, anza kwa kuuliza ni wa jimbo gani. Kila jimbo lina katiba yake na mahakama yake ya mwisho. Texas na Oklahoma zina mbili, moja ya madai na nyingine ya jinai. New York jina linapotosha kabisa: Mahakama ya Juu huko husikiliza kesi zinapoanza, na neno la mwisho ni la Mahakama ya Rufani.

Kuingia nako hutofautiana. Missouri, tangu 1940, tume huchuja waombaji na kumpelekea gavana majina 3. Ana siku 60. Zikipita bila uteuzi, tume yenyewe humteua jaji. Akishakaa walau mwaka mmoja, wapiga kura huulizwa swali moja tu: abaki au aondoke? Akibaki, muhula ni miaka 12, na akifika 70 anastaafu. Wisconsin hakuna tume wala kura ya namna hiyo: wagombea hupambana ana kwa ana kuwania muhula wa miaka 10, na ndiyo maana fedha za kampeni huko zimefika kiwango cha kutisha.

Kwa nini watu wapiganie kiti hiki hivyo? Kwa sababu jaji wa jimbo ndiye msemaji wa mwisho wa katiba ya jimbo lake. Hapa ndipo ufundi wa kuandika hukumu unapohitajika. Tangu kesi ya Michigan dhidi ya Long, 1983, mahakama ikichanganya hoja za katiba ya jimbo na za shirikisho bila kusema ipi imebeba uamuzi, Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoko Washington, huweza kuichukua kesi na kuipindua. Kinga yake ni kutamka waziwazi ndani ya hukumu kwamba uamuzi unasimama juu ya katiba ya jimbo peke yake, na kesi za shirikisho zimetajwa kama mwongozo tu. Jaji asiyeweka tamko hilo anaiacha kazi yake wazi.

Iowa walilijua hilo. Mwaka 2009 majaji wote 7 waliruhusu ndoa za jinsia moja kwa msingi wa katiba ya jimbo, kwa hiyo wapinzani hawakuwa na rufaa ya kupeleka Washington. Wakaviendea viti vya majaji wenyewe. Kura ya kubaki, ambayo Iowa nako hutumika kama Missouri, haina mpinzani, na kwa kawaida jaji hupita kimya kimya. Hatari ni pale upande mmoja unapojipanga na jaji, kwa kulinda heshima ya mahakama, asipige kampeni. Novemba 2010 Marsha Ternus, aliyekuwa Jaji Mkuu, Michael Streit na David Baker waliondolewa. Kwa maoni yangu walistahili kubaki. Hukumu yenyewe haikutikisika, na David Wiggins, aliyeitia saini pamoja nao, alipopigiwa kura 2012 alibaki.