Jinsi nilivyopunguza gharama ya kulaza mashine ya boti wakati wa kusi

Kila mwaka kusi inapokaza na bahari ya Nyali kuchafuka, fundi hunitoza shilingi 8,500 kuitayarisha mashine ya boti ikae hadi Septemba, nami hulipa bila kuuliza. Safari hii niliifanya kazi hiyo mwenyewe: niliuzamisha mguu wa mashine ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, nikaiwasha kwa dakika 10 ili chumvi itoke, kisha nikachomoa mpira wa petroli, ikazimika yenyewe kabureta ikiwa kavu. Nilipofungua skrubu ya kutolea oili ya gia, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, dalili kwamba maji yalikuwa yameingia. Sili ya kuzuia maji, oili na plagi mpya vilinigharimu shilingi 3,200. Skrubu ile, nadhani, fundi hakuwahi kuifungua, maana rangi yake ya kiwandani ilikuwa haijakwaruzwa.