Tulivyochangisha fedha za matunzo ya wazee kwa kuwaenzi viongozi wa mitaa yetu, Mwanza

Fedha nyingi za hafla ya kuwaenzi viongozi haziingii usiku wa hafla. Zinaingia ndani ya wiki nane kabla yake, kutoka kwa watu wanaompenda yule anayeenziwa. Usiku wenyewe ni siku ya mwisho ya kulipia meza na kadi. Kamati yetu ya watu saba hapa Ilemela imejifunza hilo kwa gharama, kwa hiyo naandika tunavyofanya sasa, pamoja na hesabu zake.

Kwanza eleza fedha ni za nini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Mchangiaji atakuuliza hilo mapema: kama matibabu ni bure, mnachangisha nini? Jibu liwe tayari mdomoni. Ni nauli ya bodaboda na daladala kwenda kliniki ya presha kila mwezi. Ni dawa inayokosekana dirishani siku hiyo. Ni nepi za watu wazima, godoro lenye kifuniko cha plastiki, na posho ya mtu wa kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Ukisema tu "kuwasaidia wazee" utapewa elfu tano. Ukisema "godoro moja na kifuniko chake", mtu anauliza bei.

Kuchagua wanaoenziwa ndiyo kazi yenyewe. Tunachukua wanne, hatuzidishi, kwa sababu wa tano anaongeza dakika ishirini za hotuba na haongezi meza za kulipiwa. Kila mmoja awe amewahudumia wazee kweli, tena awe na kundi lake linalomtambua: mkunga mstaafu na waliozaliwa mikononi mwake, mwenye mitumbwi na wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mwalimu wa kwaya na waumini wenzake, mwenyekiti wa mtaa na majirani zake. Tuzo haiuzwi. Tajiri akitaka kununua meza tano ili jina lake liingie, mshukuruni, mpeni kurasa katika kijitabu cha programu, lakini tuzo asipewe. Mkishaiuza mara moja, wale watatu waliostahili wataona aibu kuishika. Mwaka wa uchaguzi tunamwacha kila anayegombea, hata akistahili, maana hafla itageuka mkutano wa kampeni na wapinzani wake hawatachangia.

Nafasi moja kati ya hizo nne ni ya mwanamke aliyevuka miaka 60, na hatuibadilishi. Huku Usukumani wapo bibi walioshukiwa uchawi, wengine wakauawa, kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Bibi anayeitwa mbele ya ukumbi, akavishwa kitenge na mwenyekiti wa mtaa wake huku majirani wakisimama kupiga makofi, anarudi nyumbani akiwa na ulinzi ambao hakuna mchango unaoweza kuununua. Kwangu hili lina uzito kuliko mnada wote.

Kumwomba mtu akubali kuenziwa hakufanywi kwa simu. Waende wawili, mmoja awe wa rika lake, mwezi mmoja kabla kadi hazijachapwa. "Shikamoo mama. Tumetumwa na kamati, tunaomba ridhaa yako na majina ya watu thelathini ambao ungependa wawepo." Orodha hiyo ya thelathini ndiyo mtaji. Asiyeweza kuitoa bado tunamheshimu, lakini tunajua meza zake itabidi tuzitafute wenyewe. Hapohapo aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, ndilo litakalopelekwa kwa mchonga ngao za tuzo. Jina likikosewa kwenye tuzo, hakuna maneno yatakayofuta aibu hiyo.

Tarehe nayo inataka akili. Januari ni ada za shule. Kwaresima na Ramadhani tunaziacha. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, inavutia, ila wiki hiyo wageni rasmi wote wamealikwa kwingine. Sisi hutazama mwezi angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikianza wavuvi wanarudi kutoka kambini, wanapigiana hesabu na kugawana. Jumamosi ya mwanzo wa mbalamwezi, watu wa mwaloni wapo mjini na wana fedha. Kwa wageni wa Sengerema mambo yamekuwa mepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwani zamani waliondoka kabla ya mnada kuwahi kivuko.

Kibali cha kuchangisha tunaomba mapema, barua ikipita kwa mtendaji wa kata kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya. Akaunti ni ya kikundi, yenye watia saini watatu, na lipa namba ina jina la kikundi. Namba ya mweka hazina binafsi isitumike hata siku moja, hata kwa dharura.

Hesabu ya hafla yetu ya mwisho ilikuwa hivi, wageni 150. Meza saba za watu kumi kwa 800,000 zilileta 5,600,000. Kadi za mtu mmoja 20 kwa 50,000 zilileta milioni moja, na za wawili 20 kwa 80,000 zilileta 1,600,000. Viti 20 vilivyobaki havikulipiwa: waenziwa na wenzi wao wanane, wazee wanne, na wanane ambao kamati nyingi huwasahau, yaani mafundi muziki, mpiga picha na madereva. Msipowahesabu watakula tu, na mpishi atawadai sahani zao. Kijitabu cha programu kilikuwa na kurasa 12 za salamu za pongezi kwa 150,000 kila moja, jumla 1,800,000. Kwa hiyo kabla mgeni hajaingia ukumbini tulikuwa na milioni kumi.

Gharama: chakula sahani 150 kwa 15,000, yaani 2,250,000, ukumbi 600,000, muziki, MC na jenereta 550,000, ngao nne 240,000, kuchapa kadi na kijitabu 360,000. Jumla milioni nne. Siku kumi na nne kabla, kama fedha iliyo benki haijafika hapo, tunapunguza sahani. Hatutegemei ahadi.

Usiku wa hafla, kadi inaandikwa saa 11 jioni ili kazi ianze saa 1 usiku. Tuzo zitangulie chakula, mnada ufuate mara tu watu wanapomaliza kula. Mkianza na chakula, nusu ya ukumbi itakuwa imeondoka mnapofika kwenye mnada. Tulinadi sato mkubwa wa kukaanga, mbuzi na keki, tukapata taslimu 3,500,000. Wazee walioalikwa wakae mezani na wageni wengine. Kuwapanga mbele ili watu wawaonee huruma ni kuwadhalilisha, na picha zao zisipigwe bila ruhusa yao.

Sasa ahadi. Usiku ule ziliahidiwa 4,000,000, zikalipwa 2,600,000. Vijana wawili hupita mezani na daftari: jina, simu, kiasi, tarehe ya kulipa, na mwahidi anatumiwa ujumbe kabla hajainuka kitini. Siku ya tatu mweka hazina anapiga simu. Baada ya siku kumi na nne anayepiga simu ni aliyeenziwa mwenyewe, na hapo ndipo fedha nyingi hutoka, maana mtu aliahidi kwa heshima yake, hakuahidi kwa kamati. Ahadi inayozidi siku sitini tunaifuta na kuacha kumsumbua aliyeahidi.

Jumla iliingia 16,100,000. Tukitoa gharama, zilibaki 12,100,000 za wazee. Baada ya miezi mitatu kila mchangiaji alipata ukurasa mmoja: magodoro mangapi, nauli za wazee wangapi, salio benki. Kwenye ukurasa huo pia kulikuwa na raba za ncha za fimbo. Watu wengi hawazijui. Raba ikilika upande mmoja fimbo inateleza kwenye sakafu ya saruji yenye maji, na nyonga iliyovunjika katika umri huo mara nyingi humlaza mtu moja kwa moja. Pindua fimbo, tazama mistari ya chini. Ikiwa laini kama kidole gumba, badilisha siku hiyohiyo.